Bei ya kila mteja ijikokotoe yenyewe: kanuni ipi inashinda, na mahali pesa zinapovuja

Biashara yenye wateja 400 na bidhaa 3,000, ikiwa kila mteja ana bei yake kwa kila bidhaa, inahitaji jedwali la bei lenye mistari 1,200,000. Hakuna binadamu wa kulisimamia jedwali la namna hiyo. Gharama ya bidhaa moja ikipanda, mistari 400 inatakiwa ibadilishwe siku hiyohiyo, na itakayosahaulika itaendelea kuuza kwa bei ya zamani bila mtu kushtuka. Biashara hiyohiyo ikipangwa kwa makundi 5 ya wateja na makundi 20 ya bidhaa, kanuni hazizidi 100, ukiongeza juu yake makubaliano ya pekee ya wateja wachache. Kazi ya mfumo wa bei ni hiyo: badala ya kutunza namba, unatunza uhusiano wa namba na kitu kingine, iwe bei ya msingi, gharama au orodha nyingine ya bei. Kitu hicho kikibadilika, bei zote zinazokitegemea hubadilika pamoja nacho.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, ya kuzidisha na kukata asilimia. Pesa huvuja kwenye swali jingine: kanuni mbili au tatu zikimgusa mteja mmoja kwa bidhaa moja siku moja, ipi inashinda? Swali hili lijibiwe kabla hujafungua ukurasa wa mipangilio, kwa sababu kila programu ina jibu lake, na jibu hilo linafanya kazi hata kama hulijui.

Chukua bidhaa yenye bei ya msingi 100 na gharama 78. Mteja yumo kwenye kundi la wauzaji wa jumla, ambalo likinunua kuanzia vipande 50 hupata punguzo la 15%. Mteja huyohuyo ana mkataba wake wa bei ya 90. Mwezi huu pia kuna ofa ya wateja wote kwa 86. Ameagiza vipande 60.

Programu inayofuata kanuni iliyo mahsusi zaidi itamtoza 90, jumla 5,400. Programu inayotafuta bei ya chini kuliko zote itamtoza 85, jumla 5,100. Programu inayorundika, yaani inayoanza na bei ya mkataba kisha ikakata punguzo la kundi juu yake, itamtoza 76.50, jumla 4,590, wakati gharama ya mzigo huo ni 4,680. Umeuza kwa hasara ya 90, na hakuna mfanyakazi aliyekosea kubonyeza kitu. Mteja mmoja, oda moja, bei tatu, na zote ni sahihi kwa mujibu wa mfumo uliozitoa.

Jinsi programu zinavyotafuta bei

Odoo, programu ya kuendeshea biashara kama nyingine zitakazotajwa hapa, humpa mteja orodha moja ya bei. Ndani ya orodha hiyo inatafuta kuanzia kanuni ya bidhaa ya aina mahsusi, kwa mfano ya rangi au saizi fulani, kisha ya bidhaa kwa jumla, kisha ya kundi la bidhaa, mwisho ya bidhaa zote. Kanuni zikiwa ngazi moja, yenye kima kikubwa cha idadi (yaani idadi inayoanzia) hutazamwa kwanza. Ya kwanza kulingana na oda ndiyo inayotumika, na utafutaji unaishia hapo. Utaratibu huu ni mzuri na unaeleweka, lakini una shimo moja ambalo watu wengi hutumbukia. Mteja mwenye mkataba wa bidhaa nne anatengenezewa orodha yake yenye mistari minne, halafu inahifadhiwa hivyo. Kuanzia hapo, bidhaa nyingine zote anauziwa kwa bei ya kawaida, kwa kuwa orodha ya kundi lake haiguswi tena. Dawa yake ni mstari wa tano: bidhaa zote, bei itokane na orodha ya kundi la jumla, punguzo sifuri. Kila orodha ya mteja mmoja imalizike kwa mstari kama huo, ukitumia Odoo au programu nyingine yoyote inayotafuta kwa mtindo huu.

Microsoft Dynamics 365 Business Central ina tabia tofauti. Katika mpangilio wake wa kawaida inakusanya bei zote zinazomhusu mteja kwa tarehe hiyo (zake mwenyewe, za kundi lake, za wateja wote, za kampeni) na kuchukua iliyo ya chini kabisa. Mkataba wa mteja hauna heshima ya pekee. Kama mlikubaliana 90 na ofa ya wote ni 86, atalipa 86. Na kama mlikubaliana bei iliyo juu ya ile iliyoorodheshwa kwa kundi lake au kwa wateja wote, kwa sababu mzigo wake unafungashwa kwa namna ya pekee, mfumo hautaitumia bei hiyo mradi ile ya chini ipo. Usihangaike kuulazimisha. Toza ufungashaji kwenye mstari wake, au ipe bidhaa iliyofungashwa namba yake ya bidhaa. Ujue pia kwamba punguzo la mstari linatafutwa kivyake, tofauti na bei, hivyo mteja anaweza kupata bei ya mkataba na bado akakatiwa punguzo la kundi juu yake. Kwenye mstari wa bei kuna kisanduku kinachoruhusu au kukataza punguzo la mstari. Kwa bei za mkataba, kisanduku hicho kiwe kimezimwa.

Kwenye SAP mpangilio wa kutafuta unaujenga mwenyewe. Kila aina ya bei ina mfuatano wake wa majedwali ya kupekuliwa: kwa kawaida mteja pamoja na bidhaa, kisha aina ya orodha ya bei pamoja na bidhaa, kisha bidhaa peke yake. Kila hatua ina alama ya kusimamisha utafutaji rekodi ikipatikana. Alama hiyo ikisahaulika, mfumo unaendelea kupekua na kuokota rekodi nyingine. Rekodi zenyewe unaziingiza kwa VK11, unazibadilisha kwa VK12 na kuzitazama kwa VK13, ambazo ni misimbo ya kufungulia kurasa za SAP. Kitu cha thamani zaidi hapo ni kitufe cha uchambuzi ndani ya ukurasa wa bei wa oda, kinachoonyesha kila hatua ya utafutaji, ipi ilipata rekodi, ipi haikupata na kwa nini. Mtu anayesimamia bei kwenye SAP bila kukizoea kitufe hicho anabahatisha.

ERPNext inatumia namba za kipaumbele: kubwa hushinda ndogo. Kanuni mbili zikilingana na oda ilhali zina kipaumbele kimoja, mfumo unakataa na kukutaka uamue. Wengi hulichukulia hilo kuwa kero. Mimi naliona ni hisani kubwa, kwa kuwa programu nyingine katika hali hiyohiyo zingekuchagulia kimya kimya.

Kampuni ichague sera moja na iiandike kwa sentensi ambayo mtu wa mauzo anaweza kumsomea mteja. Sera ninayoitetea ni hii: iliyo mahsusi zaidi inashinda na utafutaji unaishia hapo, ofa za muda hazimgusi mwenye mkataba isipokuwa mkataba wake unasema hivyo, hakuna kurundika punguzo isipokuwa lile lililotajwa wazi kuwa linaongezeka juu ya jingine. Ukichagua kurundika, kumbuka punguzo la 10% likifuatwa na la 5% ni 14.5%, kwa kuwa la pili linakatwa kwenye kilichobaki. Andika kwenye mkataba ni hesabu ipi mliyokubaliana, maana mteja atajumlisha apate 15 na atadai 15.

Bei inayotokana na gharama

Kupanga bei kwa gharama kunavutia, kwa kuwa bei inafuata soko bila mtu kuigusa. Kosa la kwanza hapa ni kuchanganya asilimia mbili zinazofanana kwa sauti. Gharama ikiwa 78, faida ya 25% juu ya gharama inakupa bei ya 97.50. Faida ya 25% ya bei ya kuuza inakupa 104, kwa sababu unagawa 78 kwa 0.75. Mkurugenzi anaposema anataka asilimia 25, mara nyingi ana maana ya pili. Anayeandika kanuni akaweka ya kwanza, biashara inapata 20% halisi na tofauti inaonekana kwenye ripoti miezi baadaye. Weka mfano wa namba moja mbele ya mwenye uamuzi, na aichague bei anayoitaka kwa macho yake.

Halafu angalia punguzo linafanya nini kwenye faida. Bei ya 104 ikikatwa 10% inakuwa 93.60. Faida ya kipande kimoja ilikuwa 26, sasa ni 15.60. Umepunguza bei kwa 10% na faida kwa 40%. Ndiyo sababu kila kanuni ya punguzo inahitaji mpaka wa chini unaokokotolewa kutoka kwenye gharama, kwa mfano gharama mara 1.08, na bei isiweze kushuka chini yake bila idhini. Odoo ina sehemu ya faida ya chini ndani ya kanuni ya fomula. Hapo hesabu hufuata mpangilio usiobadilika: punguzo kwanza, kisha kukadiria (kuifikisha bei kwenye namba ya karibu inayokubalika), kisha nyongeza, kisha mipaka ya faida. Mpangilio huo ndio unaokuwezesha kupata bei zinazoishia na 9.99: kadiria kwa 10, kisha weka nyongeza ya -0.01. Kwenye matoleo ya zamani ya Odoo, kuongeza asilimia juu ya gharama kwenye fomula hiyo hufanywa kwa punguzo hasi: -25 maana yake ni gharama pamoja na 25%. Ukisahau alama ya kutoa, umeuza kwa robo tatu ya gharama.

Swali linalofuata ni gharama ipi. Gharama ya wastani hubadilika kila mzigo unapopokelewa stoo, pengine katikati ya siku. Profoma ya asubuhi na oda ya alasiri zinatofautiana, na muuzaji hana maelezo ya kumpa mteja. Gharama ya manunuzi ya mwisho ni mbaya zaidi: ununuzi mdogo wa dharura uliofanywa kwa bei ya juu unainua bei ya kila mteja. Tena, mzigo ukipokelewa kabla nauli na ushuru havijaingizwa, gharama inaonekana ndogo kuliko ilivyo, na kwa siku kadhaa unauza kwa bei isiyorudisha hata nauli.

Njia salama ni kuwa na uga (sehemu ya kujazia taarifa) wa pekee wa gharama ya kupangia bei, tofauti na ile ya vitabu vya hesabu. Uga huu usasishwe kwa ratiba, tuseme kila Jumatatu, na kwa bidhaa tu ambazo gharama yake imesogea zaidi ya 3%. Mabadiliko yanayozidi 15% yasipite yenyewe. Yasubiri mtu ayatazame, kwa kuwa mengi huwa ni ankara ya msambazaji iliyoingizwa kwa katoni badala ya vipande.

Na bidhaa mpya ambayo haijawahi kununuliwa gharama yake ni sifuri. Sifuri mara 1.25 ni sifuri. Kanuni yoyote inayoegemea gharama iwe na kizuizi: gharama ikiwa tupu au sifuri, mstari wa oda usikubali kuhifadhiwa.

Vipimo na idadi

Katoni ya vipande 12 inauzwa 1,000. Mfumo unaotunza bei kwa kipande utagawa upate 83.3333, na kama bei imeruhusiwa desimali mbili, utabaki na 83.33. Ukizidisha tena kwa 12 unapata 999.96. Kwenye oda ya katoni 500, tofauti ni 20. Si pesa ya kulilia, lakini ankara haitalingana na oda ya mteja, na idara yake ya malipo itaizuia ankara nzima kwa ajili ya hiyo 20. Tunza bei kwa kipimo unachouzia, au ongeza desimali za bei ya kipande hadi 4 au 5 huku jumla ikibaki na desimali za sarafu.

Ngazi za idadi nazo zina mtego wao. Kwenye Odoo kima cha idadi kinasomwa kwa kipimo cha msingi cha bidhaa. Ukiandika 50 ukikusudia katoni, na kipimo cha msingi ni kipande, mteja anayenunua katoni 5 tayari amevuka, maana ana vipande 60. Programu nyingi pia hutazama idadi ya mstari mmoja mmoja. Mteja anayeagiza rangi tano za bidhaa moja, vipande 20 kila rangi, ana vipande 100 machoni pake na 20 machoni pa mfumo. Kama ahadi yenu ni jumla ya oda au jumla ya kundi, hakikisha programu inajua kujumlisha hivyo. Isipojua, ahadi hiyo ilipwe kama bonasi ya mwisho wa mwezi badala ya punguzo la papo hapo.

Desimali na kodi

Bei ya 12.49 ikikatwa 17.5% ni 10.30425. Kwa vipande 1,000, ukikadiria bei kwanza unapata 10,300. Ukikadiria jumla tu unapata 10,304.25. Zote mbili zinatetewa, lakini mteja anayeona 10.30 kwenye mstari na 10,304.25 kwenye jumla atapiga simu. Kwa ankara zinazosomwa na watu, kadiria bei ya kipande kwanza, uionyeshe hivyohivyo ilivyokadiriwa, kisha zidisha. Usikadirie mara mbili njiani, hasa bei inapopita kwenye ubadilishaji wa fedha: kokotoa punguzo, badilisha fedha, kisha kadiria mara moja mwishoni.

Anayeandika msimbo wake wa kukokotoa atumie aina ya namba za desimali halisi, asitumie zile za nukta inayoelea. Kwenye zile za kuelea, 1.005 inatunzwa ikiwa pungufu kidogo, na ukiikadiria kwa desimali mbili unapata 1.00 badala ya 1.01. Zipo pia desturi mbili za nusu: Python 3 ikikadiria 2.5 inatoa 2, kwa kuwa inaelekea namba shufwa, wakati lahajedwali ya Excel inatoa 3. Ukikagua bei za mfumo kwa lahajedwali na ukaona tofauti za 0.01 hapa na pale, anzia hapo kabla hujamlaumu mtu.

Kodi ni fupi lakini inauma. Kila orodha ya bei iwe na alama inayosema kodi imo au haimo. Bei ya mkataba ya 90 bila kodi ikiingizwa kwenye orodha inayosema kodi imo, na kodi ni 20%, mfumo utatoa 15 ya kodi humo ndani na kukuachia 75. Kwa mfano wetu wa gharama ya 78, hiyo ni hasara kwa kila kipande.

Tarehe

Amua bei inasomwa kwa tarehe gani: ya oda, ya kupeleka mzigo, au ya ankara. Kwa wateja wanaoagiza miezi miwili kabla, tofauti ni kubwa. Mimi napendelea tarehe ya oda, kwa sababu ndiyo siku mliyokubaliana, lakini sekta ambazo bei ya malighafi inayumba zina sababu nzuri ya kusoma tarehe ya kupeleka. Chochote mtakachochagua, oda iliyothibitishwa isikokotolewe upya kimyakimya. Odoo ina kitufe cha kusasisha bei kwenye profoma, na kukibonyeza kunafuta punguzo lililoandikwa kwa mkono. Wauzaji waelezwe hivyo mapema.

Bei za mwaka mpya zikiingizwa, kosa la kawaida ni pengo: orodha ya zamani inaisha tarehe 30, mpya inaanza tarehe 1, na mwezi una siku 31. Siku ile moja kila mteja anaangukia bei ya kawaida. Kama programu inaruhusu, usiweke tarehe ya mwisho kwa bei za kudumu. Mpya ikianza, ndiyo iifunge ya zamani. Tarehe ya mwisho ni lazima kwa vitu viwili tu, ofa na upendeleo wa mteja mmoja. Upendeleo usio na tarehe ya mwisho haufi, hata baada ya aliyeutoa kuhama kampuni.

Marejesho nayo yasikokotolewe kwa kanuni za leo. Mteja akirudisha mzigo wa miezi mitatu nyuma, hati ya marejesho ichukue bei kutoka kwenye ankara ya mwanzo. Ikikokotolewa upya baada ya bei kupanda, mnamrudishia zaidi ya alicholipa.

Kuingiza data

Anza na wateja, wala usianze na bei. Kila mteja awe na kundi moja tu la bei, na asiwepo asiye na kundi. Hapo ndipo utakapogundua mteja mmoja ana akaunti tatu, na bei ya mkataba imefungwa kwenye ile isiyotumika. Kwa kampuni zenye matawi, chagua bei inamfuata nani, anayelipa au anayepokea mzigo, na uhakikishe programu inasoma hivyo.

Kisha bei za msingi, kisha kanuni za makundi, mwisho makubaliano ya pekee. Ukifuata mpangilio huu, makubaliano mengi ya pekee yanaonekana kuwa si ya pekee: mteja aliyepewa 88 kwa bidhaa ya 100 yumo kwenye kundi la punguzo la 12%, na mstari wake unaweza kufutwa. Orodha zinazoegemea orodha nyingine zisizidi ngazi tatu. Zaidi ya hapo hakuna anayeweza kufuatilia kwa kichwa bei imetoka wapi.

Kabla ya kupakia faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu), lifungue kwa kihariri cha maandishi matupu. Lahajedwali hufuta sifuri za mbele, kwa hiyo bidhaa 00457 inakuwa 457, na mstari unakataliwa au, kibaya zaidi, unaangukia bidhaa nyingine. Namba 1.250 inaweza kusomwa elfu moja mia mbili hamsini au moja na robo, kutegemea mpangilio wa lugha wa mfumo. Pakia mistari 10 kwanza, itazame ndani ya programu, ndipo upakie iliyobaki.

Kujaribu kabla ya kuwasha

Jaribio linalofaa kuliko yote ni kuchukua ankara halisi za mwezi uliopita na kuzipitisha kwenye kanuni mpya katika mfumo wa majaribio. Weka kando kwa kando bei iliyotozwa na bei iliyokokotolewa, zidisha tofauti kwa idadi, panga kuanzia tofauti kubwa ya pesa. Usipange kwa asilimia, maana bidhaa ndogondogo zitajaza ukurasa wa kwanza. Kila tofauti itakuwa na sababu moja kati ya tatu: kanuni imeandikwa vibaya, data ya mteja au bidhaa ni mbovu, au muuzaji alitoa punguzo lake kwa mkono. Aina ya tatu ndiyo yenye mafunzo zaidi. Punguzo la mkono likijirudia kwa mteja yuleyule kila oda, hilo ni makubaliano ambayo hayajawahi kuandikwa popote, na mwenye kuyajua ni muuzaji peke yake. Mwite, muulize, yaandikwe.

Halafu jaribu hali za mipakani: idadi 49, 50 na 51, siku ya mwisho ya ofa na siku inayofuata, bidhaa isiyo na gharama, mteja wa fedha nyingine, katoni na kipande, marejesho. Kwa kila jaribio andika bei unayoitarajia kabla hujaiona ya mfumo, vinginevyo jicho litaikubali namba yoyote iliyo karibu.

Kila mstari wa oda utunze, pamoja na bei, namba ya kanuni iliyoitoa. Kama programu haifanyi hivyo yenyewe, ongeza uga. Bila uga huo, mteja akiuliza kwa nini ametozwa 85, mtu atatumia nusu siku kurudisha nyuma kanuni ambazo huenda zimeshabadilika tangu siku ile. Mabadiliko ya mkono yaruhusiwe, lakini yadai sababu kutoka kwenye orodha fupi na yasivuke mpaka wa chini bila idhini ya mtu wa pili.

Mkiuza pia kwenye tovuti, angalieni kumbukumbu ya muda inayotunza kurasa ili zifunguke haraka. Ikiwa inatunza ukurasa kwa anwani ya bidhaa peke yake, mteja wa pili ataonyeshwa bei ya siri ya mteja wa kwanza. Itunze bei kwa mteja au kwa orodha yake ya bei, na ujaribu kwa akaunti mbili zilizofunguliwa kwenye vivinjari viwili kwa wakati mmoja, ukibadilishana kurasa. Kwenye mfumo wa majaribio wenye mtu mmoja tu, tatizo hili halionekani.

Baada ya kuwasha, ripoti tatu zitoke kila asubuhi kwa wiki za mwanzo: mistari yenye bei sifuri, mistari iliyo chini ya mpaka wa faida, na mistari iliyobadilishwa kwa mkono pamoja na sababu yake. Ya kwanza iwe tupu kila siku; isipokuwa tupu, simamisha ankara za bidhaa hiyo kwanza, kisha ndipo utafute chanzo. Ya tatu ikizidi kurefuka badala ya kufupika, wauzaji wanaikimbia bei ya mfumo, na mara nyingi kinachowakimbiza ni kanuni moja au mbili tu za kundi fulani ambazo hazilingani na walichokwishamwahidi mteja.